Udongo wa Kitengela, Matumbawe ya Malindi

Utangulizi

Aghalabu mjadala kuhusu matumbawe huanzia ufuoni na kuishia ufuoni. Wanaotajwa ni mvuvi, mtalii na askari wa hifadhi ya baharini, na madhara yanayoorodheshwa ni juya, nanga za mashua na joto la bahari. Mfugaji wa Kitengela hatajwi. Wala hatajwi mjenzi wa nyumba za kupangisha kando ya barabara ya Namanga. Makala haya yanashikilia kwamba kutotajwa kwao ni pengo kubwa, maadamu sehemu ya tope linaloyafikia matumbawe ya Malindi hutoka bara, na tambarare za Kitengela zimo katika bara hilo.

Huenda jambo hili likamshangaza mkazi wa Kajiado. Safari ya gari kutoka Kitengela hadi Malindi ni ya zaidi ya kilomita 500, na katika maisha ya kila siku ya mji huo bahari haina nafasi. Hata hivyo maji ya mvua hayana habari na mipaka ya kaunti. Yakianguka kwenye ardhi iliyo tupu huibeba, na yakiibeba huipeleka yanakokwenda yenyewe.

Tumbawe: jiwe, kiumbe na hati

Msomaji wa bara hukutana na neno marijani mapema, kama jina la mtu au la pambo, na pengine hakutani na neno tumbawe hadi afike shuleni. Kwa watu wa pwani, tumbawe ni neno la kazi. Mwashi wa kale alitofautisha tumbawe lililochimbwa nchi kavu, gumu na la kujengea kuta, na lile lililokatwa baharini likiwa bado laini, ambalo lilichongwa mihirabu na mapambo ya milango kisha likaachwa likauke. Vipande vilivyobaki vilichomwa vikawa chokaa. Magofu ya Gedi, Mji Mkongwe wa Lamu na Msikiti Mkuu wa Kilwa Kisiwani vyote vimesimama kwa jiwe hilo. Si kutia chumvi kusema kwamba sehemu kubwa ya historia ya Waswahili imehifadhiwa ndani ya tumbawe kabla ya kuhifadhiwa katika karatasi.

Kinachosahaulika ni kwamba jiwe hilo ni kazi ya kiumbe. Tumbawe hujengwa na vinyama vidogo mno viitwavyo polipu, ambavyo huishi kwa pamoja na kutoa kutoka miilini mwao kiunzi cha chokaa. Ndani ya tishu za polipu hukaa mwani mdogo usioonekana kwa macho. Mwani huo hutumia mwanga wa jua kutengeneza chakula na kumgawia mwenyeji wake. Mwenyeji naye huupa makao na virutubishi. Ubia huu ndio unaoyapa matumbawe nguvu ya kujenga miamba katika maji ya kitropiki ambayo yana virutubishi vichache. Ndio pia unaoyafanya kuwa dhaifu. Bahari ikipata joto kupita kiasi kwa majuma kadhaa, ubia huvunjika, mwani hutoka, na tumbawe hubaki jeupe kama mfupa. Hali hiyo huitwa kupauka. Mwaka 1998 kupauka kulienea katika magharibi yote ya Bahari ya Hindi na kuua sehemu kubwa ya matumbawe ya Kenya.

Kuhusu umuhimu wake, inatosha kutaja machache. Miamba ya matumbawe huchukua chini ya asilimia 1 ya sakafu ya bahari duniani, ilhali takriban robo ya spishi zote za baharini huitegemea katika kipindi fulani cha maisha yao. Katika pwani ya Kenya mwamba huvunja nguvu ya mawimbi kabla hayajafika ufuoni, na nyuma yake maji hutulia kiasi cha mvuvi mwenye ngalawa kuweza kutega dema na kupata tafi, changu na pono. Mvuvi huyo hana chombo cha kumfikisha kwenye kina kirefu. Mwamba ukifa, hana pengine pa kwenda.

Lipo jambo jingine ambalo mwanafunzi wa fasihi atalipenda: tumbawe ni hati. Kila mwaka huongeza tabaka, kama mti unavyoongeza pete, na katika tabaka hilo huacha alama za maji lililoishi ndani yake. Mwaka 2007 watafiti, akiwemo Dominik Fleitmann, walichapisha matokeo ya uchunguzi wa tumbawe kutoka Malindi lenye kumbukumbu ya takriban miaka 300. Walipima bariamu, madini ambayo huletwa baharini pamoja na udongo wa mito na kuingia katika kiunzi cha tumbawe. Kwa karne mbili za kwanza alama hiyo haikubadilika sana. Kuanzia mapema karne ya 20 ikapanda. Kipindi hicho ndicho ambacho utawala wa kikoloni ulikuwa ukigawa ardhi ya nyanda za juu, ukikata misitu na kuanzisha mashamba makubwa, huku Waafrika wakisukumwa katika hifadhi finyu. Tumbawe la Malindi, basi, liliyaandika yaliyotendeka bara bila ya kuombwa na mtu.

Mto mmoja, majina matatu

Tope hilo hufikaje? Mto Mbagathi hutokea upande wa milima ya Ngong na kupita ukingo wa kusini wa Hifadhi ya Taifa ya Nairobi. Mto Kitengela hukusanya maji ya tambarare za Kajiado Mashariki. Yote mawili huishia Athi. Athi hupita karibu na Ol Donyo Sabuk, huzunguka uwanda wa Yatta, hukata Ukambani na kuingia Tsavo, ambako huungana na Mto Tsavo. Kuanzia hapo huitwa Galana. Ukikaribia pwani huitwa Sabaki, na huingia baharini kilomita chache kaskazini mwa mji wa Malindi. Ni mto wa pili kwa urefu nchini Kenya, wenye urefu wa takriban kilomita 390 na bonde la takriban kilomita 70,000 za mraba.

Majina haya matatu hayana budi kuangaliwa kwa makini na mtu wa lugha. Kila jamii ina haki ya kuyaita maji yake ipendavyo, na majina ya mahali ni hazina. Lakini katika suala hili majina yameficha umoja wa kitu. Mkazi wa Kitengela anaujua Athi. Mvuvi wa Mambrui anaijua Sabaki. Anayeharibu ukingo wa Athi hajisikii kuwa ameigusa Sabaki, na anayelalamikia maji mekundu ya Sabaki huenda asiwaze Athi. Jiografia ya shule huyaunganisha majina hayo kwa vistari, Athi-Galana-Sabaki, nayo hukaririwa kwa ajili ya mtihani na kusahauliwa.

Ramani ya bahari yenyewe inathibitisha nguvu ya mto. Mwamba wa matumbawe unaofuata ufuo kutoka Shimoni kuelekea kaskazini hukatika katika eneo la mdomo wa Sabaki. Kutoka hapo hadi visiwa vya Lamu, palipo na mdomo wa Tana pia, miamba hiyo ni haba sana. Polipu haliwezi kustawi katika maji baridi ya mto yaliyojaa tope. Malindi, kwa hivyo, iko mpakani: matumbawe yake yanaishi mahali ambapo kuongezeka kidogo kwa tope kunaweza kuleta tofauti.

Mashapo hudhuru kwa njia zaidi ya moja. Yakielea hupunguza mwanga, na mwani wa ndani ya polipu hukosa kazi. Yakitua hulifunika tumbawe, nalo hulazimika kutumia nguvu zake kutoa ute wa kujisafisha badala ya kukua. Lakini dhara kubwa pengine ni lile lisiloonekana: mabuu ya matumbawe hutafuta jiwe safi la kushikamana nalo, na yakikuta tope hayashiki. Mwamba mkongwe unaweza kuonekana mzima kwa miaka mingi huku ukiwa hauna watoto.

Ni haki kueleza pia upande wa pili. Tim McClanahan na David Obura, waliochapisha utafiti wao mwaka 1997, walionyesha kwamba matumbawe ya Malindi hayakuwa yameangamia kama ilivyohofiwa; spishi zinazostahimili tope zilikuwa zimepata nafasi. Wanaotabiri kifo cha papo hapo wanakosea. Hata hivyo kustahimili tope ni jambo moja, na kustahimili tope pamoja na joto ni jingine. Joto la bahari haliwezi kupunguzwa na uamuzi wa Malindi wala wa Kajiado peke yao. Tope linaweza.

Pepo pia zina sehemu yake. Wakati wa kusi, maji ya Sabaki husukumwa kaskazini, mbali na hifadhi. Wakati wa kaskazi husukumwa kusini, kuelekea matumbawe ya Malindi. Mvua za vuli, zinazoanza Oktoba na kuingia Desemba, hukutana na mwanzo wa kaskazi. Nazo ndizo mvua zinazoikuta Kitengela baada ya kiangazi kirefu, nyasi zikiwa zimeliwa hadi mizizi na udongo ukiwa wazi. Kwa hivyo mvua zinazoikuta ardhi ya bara ikiwa dhaifu zaidi ndizo hizo ambazo tope lake huelekezwa kwenye mwamba.

Kitengela na Kajiado: ardhi iliyokatwakatwa

Tambarare za Athi na Kaputiei, ambamo Kitengela imo, zilikuwa malisho ya wazi. Wamaasai walihama na mifugo kufuata mvua. Nyumbu nao walitoka na kuingia katika Hifadhi ya Nairobi kupitia upande wa kusini usio na ua. Nyasi zilipumzika kwa sababu walao walikuwa hawakai mahali pamoja.

Mwaka 1968 sheria ya wawakilishi wa makundi ilipitishwa, na chini yake ranchi za vikundi zikasajiliwa Kajiado. Mwaka huohuo wa 1968, hifadhi za baharini za Malindi na Watamu zilitangazwa, za kwanza za aina hiyo nchini Kenya. Sadfa hii haielekei kutajwa popote, ingawa inastahili. Serikali ileile, katika mwaka uleule, ilichora mistari juu ya malisho ya bara na juu ya maji ya pwani. Mstari wa baharini ulimzuia mvuvi asiingie. Mstari wa bara ulitarajiwa kumfanya mfugaji awe mwenye mali, na baada ya miongo miwili ulianza kukatwa vipande: ranchi ya Kitengela iligawanywa kwa wanachama wake katika miaka ya 1980, na vipande vikaendelea kugawanywa hadi kufikia ploti za kujengea nyumba moja.

Sensa zinaeleza yaliyofuata. Kajiado ilikuwa na watu 687,312 mwaka 2009 na 1,117,840 mwaka 2019. Mji wa Kitengela peke yake ulihesabiwa kuwa na zaidi ya watu 150,000 mwaka 2019. Viwanda vya Athi River vilileta ajira, bei ya ardhi ya Nairobi ikawasukuma wapangaji kusini, na nyua za waya zikaenea. Nyumbu wa tambarare hizo, waliokuwa karibu 30,000 mwaka 1978, walikuwa chini ya 5,000 kufikia mwaka 2011.

Habari za nyumbu zimeandikwa sana. Za udongo hazijapata mwandishi. Ng'ombe wanaozuiwa na ua hula mahali pamoja mpaka ardhi ibaki tupu. Barabara za vumbi kati ya ploti hugeuka mifereji. Matimbo ya mawe huachwa wazi baada ya mawe kwisha. Malori huingia mitoni kuchota mchanga, na mto ulionyang'anywa mchanga huchimba kingo zake wenyewe. Mwongozo wa kitaifa wa uvunaji wa mchanga umekuwapo tangu 2007, lakini malori ni mengi kuliko wakaguzi. Mafuriko ya Aprili 2024, ambayo yaliwahamisha watu Kitengela na Athi River, yalionyesha kasi ya maji yanayoteremka kwenye ardhi isiyo na nyasi za kuyapunguzia mwendo.

Lazima isemwe wazi kwamba si Kajiado yote inayohusika, wala Kitengela si mkosaji mkuu. Maji ya magharibi ya kaunti huteremkia Bonde la Ufa, na yale ya Amboseli hubaki katika bonde lake. Tope jingi la Athi hutoka katika mashamba ya nyanda za juu na Ukambani. Tofauti ni kwamba Ukambani imefanya kazi ya miaka mingi kuzuia udongo wake, ilhali Kitengela inaanza tu kuupoteza.

Kuna kinaya kidogo hapa. Saruji ya Bamburi hutengenezwa kwa mawe ya matumbawe ya kale yaliyochimbwa kaskazini mwa Mombasa, na tangu 1998 sehemu yake husagwa Athi River. Baadhi ya nyumba za Kitengela, basi, zina tumbawe ndani ya kuta zake, kama nyumba za Lamu, ingawa mwenye nyumba hajui.

Tengefu na olopololi

Katika pwani ya Kenya limeibuka neno tengefu kwa maana ya eneo la bahari ambalo jamii yenyewe imekubaliana kulitenga lisivuliwe. Mfano unaojulikana zaidi ni Kuruwitu, kaunti ya Kilifi, ambako wavuvi walianza kulitenga eneo lao katikati ya miaka ya 2000. Mwaka 2017 walipata Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa. Tengefu si hifadhi ya serikali. Nguvu yake ni makubaliano: waliolifunga ni walewale ambao wangevua humo.

Wamaasai wana neno olopololi, malisho yaliyotengwa karibu na boma kwa ajili ya ndama na wanyama dhaifu, yasiguswe na mifugo mingine hadi kiangazi kikali. Mtu anaweza kudhani kwamba mfugaji na mvuvi hawana la kuambizana. Maneno haya mawili yanamkanusha. Yote yanataja kitendo kimoja: kujizuia leo katika kilicho chako, ukijua kesho utakihitaji. Tofauti ni kwamba olopololi ilitegemea ardhi pana ya kuhamia wakati kipande kimoja kinapumzishwa. Mwenye ploti ya robo ekari hana cha kutenga.

Jaribio la kulipia kutenga huko limewahi kufanywa Kitengela. Kuanzia mwaka 2000, mpango wa kukodi ardhi kwa ajili ya wanyamapori uliwalipa wenye ardhi takriban dola 4 kwa ekari kwa mwaka, kwa masharti kwamba wasizungushe ua, wasilime, wasichimbe mawe na wasiuze vipande. Malipo yalipangwa yaende sambamba na muda wa karo za shule, uamuzi wa busara kuliko hotuba nyingi za uhifadhi. Nia ilikuwa kuwanusuru nyumbu na pundamilia. Masharti hayo, hata hivyo, ndiyo hasa ambayo mtetezi wa matumbawe angeyaandika kama angeulizwa. Hakuulizwa. Fedha zilitoka kwa wafadhili, na dola 4 haziwezi kushindana na mnunuzi wa ploti.

Sheria nazo zimegawana kazi kwa namna inayorahisisha lawama. Shirika la Huduma kwa Wanyamapori husimamia hifadhi ya Malindi, lakini mamlaka yake juu ya mwamba hayafiki kwenye ukingo wa Mto Kitengela. Mamlaka ya rasilimali za maji husimamia bonde la Athi na hupima maji. Kaunti ya Kajiado hutoa vibali vya ujenzi. Hakuna kati yao anayevunja wajibu wake tope linapopita.

Fanya juu

Kiswahili kimechangia istilahi moja katika sayansi ya udongo duniani, nayo haijulikani vya kutosha katika idara za Kiswahili. Ni fanya juu. Vitabu vya kilimo vya Kiingereza huiandika hivyohivyo, bila kuitafsiri. Mkulima huchimba mtaro kufuata usawa wa mteremko na kuurusha udongo upande wa juu, si wa chini. Tuta huzuia maji, udongo hujikusanya nyuma yake, na baada ya misimu kadhaa mteremko hugeuka ngazi. Machakos ilienea matuta ya aina hiyo, hasa kwa nguvu za vikundi vya kina mama vya mwethya, na mwaka 1994 kitabu cha Mary Tiffen na wenzake kilidai, kinyume na matarajio ya wengi, kwamba idadi ya watu iliongezeka katika wilaya hiyo huku mmomonyoko ukipungua. Dai hilo limejadiliwa na kupingwa kwa sehemu, lakini matuta yapo na yanaonekana kwa macho.

Fanya juu ni mbinu ya mkulima na haiwezi kuhamishiwa kwenye malisho ya Kitengela jinsi ilivyo. Iliyo karibu zaidi na mfugaji inaonekana Kuku, kusini mwa Kajiado, upande ambao maji yake huelekea Mto Tsavo na hatimaye Galana. Huko jamii imechimba vijishimo vya nusu duara kwenye ardhi iliyopauka, upande uliopinda ukitazama chini ya mteremko. Maji ya mvua husimama ndani yake badala ya kukimbia, mbegu zilizokuwa zimelala huota, na kinamama husimamia mashamba ya nyasi ambayo wenyewe huyaita olopololi, wakiuza mbegu na majani makavu. Kifaa kinachohitajika ni jembe na sululu. Kitengela bado ina ekari za wazi ambazo kazi hiyo ingewezekana, hasa kusini kuelekea Isinya, na msimu wake ni Agosti na Septemba, kabla vuli haijaanza na kaskazi haijageuza maji ya Sabaki kuelekea Malindi.